Mzigo Uliosimama: Dhima ya Mchukuzi Nje ya Mwendo, Kutoka Ujiji ya Misafara Hadi Njia Panda ya Mwandiga

Utangulizi

Mwezi Oktoba 1871 David Livingstone alirejea Ujiji kutoka Manyema akiwa amedhoofika kwa maradhi na njaa. Alikuwa akitegemea shehena aliyotumiwa kutoka Unguja: yadi zipatazo 3,000 za kitambaa cha pamba na ratili 700 za shanga. Shehena hiyo ilikuwa imevuka nyika, ikapita Unyanyembe, ikafika Ujiji. Hata hivyo, mwenyewe alipofika hakukuta yadi moja wala uzi mmoja wa shanga. Sherifu, msimamizi aliyekabidhiwa mzigo huo, alikuwa ameuuza wote ili anunue pembe za ndovu.

Tukio hili husimuliwa mara nyingi kama kitangulizi cha kufika kwa Henry Morton Stanley, na baada ya kuonana kwao habari ya mzigo husahauliwa. Likitazamwa kwa upande wa historia ya uchukuzi, hata hivyo, ni shauri la dhima lililo wazi kuliko mengi yaliyofuata katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika. Mzigo huu ulipotea baada ya safari kwisha, ukiwa umehifadhiwa, mikononi mwa mtu aliyekuwa na kazi moja tu ya kuutunza.

Insha hii inachunguza dhima ya mchukuzi pale ambapo mzigo haumo mwendoni: ghalani, kwenye jukwaa la reli, katika uwanja wa maegesho, na begani mwa mpakiaji. Hoja yake ni kwamba katika ukanda wa Ujiji na Kigoma kila zama zimetunga kanuni kwa ajili ya mwendo na kuuacha mzigo uliosimama kwenye kanuni dhaifu zaidi. Kwa sababu hiyo hasara ya mzigo uliosimama imemwangukia mara kwa mara mtu asiyekuwa na hati mkononi. Mwandiga imechaguliwa kuwa kituo cha mwisho cha uchunguzi kwa kuwa ni njia panda. Barabara itokayo mjini Kigoma hugawanyika hapo, moja ikipanda kaskazini kwenda Manyovu mpakani mwa Burundi, nyingine ikielekea Kidahwe na kuendelea Kasulu au Uvinza. Mahali pa namna hiyo magari husimama, na panaposimama magari ndipo mizigo hubadilisha mikono.

Amana ya Ujiji

Msafara wa karne ya 19 ulikuwa na utaratibu madhubuti wa mwendo. Mpagazi alibeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani kama ratili 70. Kirangozi alitangulia, wanyapara wakasimamia, na mshahara ukalipwa kwa sehemu kabla ya safari na kwa sehemu mwishoni. Mpagazi akitoroka na mzigo, ilijulikana ni mzigo upi na ni nani aliyeubeba. Stephen Rockel, katika utafiti wake wa mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwamba kazi hii ilikuwa na mila, heshima na nidhamu zake. Haikuwa fujo ya watu waliokokotwa, kama baadhi ya wasafiri wa Kizungu walivyopenda kuieleza.

Utaratibu huo ulikoma msafara ulipotua. Mzigo uliofika Ujiji uliingia katika nyumba ya mtu, na tangu hapo ulitawaliwa na dhana nyingine, ile ya amana. Katika fikihi iliyofuatwa na wafanyabiashara wa Kiislamu wa Unguja na bara, mshika amana halazimiki kulipa kilichopotea bila kosa lake. Dhamana humwangukia anapozembea au anapovuka mpaka wa alichoruhusiwa. Sherifu alivuka mpaka huo. Kwa maelezo yaliyoachwa na Livingstone, alipiga ramli kwa Kurani, ikamwonyesha kwamba mwenye mali amekufa. Kisha akamwandikia liwali wa Unyanyembe kuwa watumwa aliowatuma Manyema wamerudi na habari za kifo hicho, na kwamba anataka kuuza kilichobaki.

Utetezi huu haukuwa na nguvu hata kwa sheria ya Sherifu mwenyewe. Kifo hakithibitishwi kwa ramli, na kikithibitishwa, mali huwa ya warithi, si ya aliyeishika. Wenzake mjini walilifahamu hilo. Said bin Majid alipendekeza bidhaa zirudishwe kwa Livingstone na wanunuzi wafidiwe kwa pembe zilizokuwa mikononi mwa Sherifu. Wanunuzi, ambao walikuwa rafiki zake na walikuwa wamelipa bei ya kutupa, walikataa.

Hapa ndipo penye uzito wa tukio. Kanuni ilikuwapo na ilijulikana, na mtu wa heshima alikuwa tayari kuisema hadharani. Kilichokosekana ni mamlaka ya kuitekeleza. Ujiji ya mwaka 1871 haikuwa na liwali aliyetambuliwa na Sultani wa Unguja. Mwinyi Kheri, aliyekuwa mkubwa miongoni mwa wafanyabiashara wa hapo, alikubali bendera ya Sayyid Barghash mwaka 1881 tu. Mwenye mali alibaki na haki isiyokuwa na mlango wa kubisha.

Livingstone aliipandisha lawama juu zaidi. Aliwashutumu John Kirk, aliyekuwa akikaimu ukonseli wa Uingereza mjini Unguja, na Ludha Damji, wakala wa forodha, kwa kuukabidhi mzigo wake kwa watumwa wa Mabaniani badala ya wapagazi huru wa mshahara. Shutuma hiyo ilikuwa na hasira ndani yake, na haimtendei Kirk haki yote. Hata hivyo iliibua swali ambalo limekaa katika sheria ya uchukuzi tangu hapo: anayemchagua mtu wa kushika mzigo wa mwingine anawajibika kwa kiasi gani kwa matendo ya mtu huyo? Aliyeuliza hakujibiwa na mahakama yoyote. Alijibiwa na Stanley, kwa kugawiwa sehemu ya bidhaa za Stanley.

Mlango wa behewa

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwezi Februari 1914. Vita vilizuka miezi sita baadaye. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kigoma mwaka 1916, na mwaka 1921 Uingereza ilichukua utawala wa eneo hilo. Katika mwaka huohuo, kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921, Ubelgiji ilipewa haki ya kupitisha bidhaa zake bila ushuru kati ya Kongo, Ruanda-Urundi na Bahari ya Hindi, pamoja na viwanja Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Viwanja hivyo vilijulikana kwa jina la Belbase.

Mengi yameandikwa kuhusu Belbase kama suala la mamlaka ya dola, hasa kwa kuwa Tanganyika ilipopata uhuru ilikataa kufungwa na makubaliano ya 1921 na yale ya 1951. Msimamo huo wa Mwalimu Nyerere umekuwa mfano wa kufundishia katika sheria ya kimataifa. Upande wake wa kila siku umetazamwa kidogo. Kwa mtazamo wa mizigo, Belbase ya Kigoma ilikuwa mahali ambapo gunia la kahawa au kreti ya vyuma lilitoka mkono mmoja wa sheria kuingia mwingine, ndani ya hatua chache kutoka relini hadi melini.

Hatua hizo chache zilikuwa na maana kubwa, kwa sababu sheria iliyoletwa na Waingereza ilizigawanya. Kwa amri ya mwaka 1920, sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai mwaka huo iliingizwa Tanganyika, na baadhi ya sheria za India zikatumika pia, ikiwamo Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Kwa sheria ya Kiingereza, mchukuzi wa umma alibeba dhima kali: mzigo ukipotea mwendoni alilipa hata kama hakukosea, isipokuwa kwa sababu chache kama nguvu za Mungu au adui wa dola. Safari ilipokwisha na muda wa kuuchukua mzigo ukapita, mchukuzi yuleyule aligeuka kuwa mtunza ghala. Tangu dakika hiyo alitakiwa kuonyesha uangalifu wa kawaida tu, ule ambao mtu mwenye busara angeuonyesha kwa mali yake mwenyewe. Dhima ilishuka daraja mlangoni mwa behewa bila gunia kusogea.

Mgawanyo huo haukuwa wa hila. Ulitoka katika Uingereza ya karne zilizopita, ambako hatari kubwa ya mwenye mali ilikuwa mchukuzi kula njama na majambazi barabarani, nayo ghala ilionekana mahali pa salama. Kigoma ilikuwa kinyume chake. Mabehewa yalitembea chini ya ulinzi na ratiba, lakini mizigo ya Kongo na Urundi ilisubiri meli, na meli zilisubiri hali ya ziwa, mafuta na matengenezo. Uharibifu wa mvua, panya, unyevu na wizi ulitokea katika kusubiri huko. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya barabara za Kiingereza ilimlinda mwenye mali pale alipohitaji ulinzi mdogo, ikamwacha pale alipouhitaji zaidi. Reli za Kiingereza zilikuwa pia na desturi ya kutoza nauli nafuu kwa mzigo uliosafiri kwa hatari ya mwenyewe. Mfanyabiashara mdogo aliyechagua unafuu huo alikuwa ameuza haki yake kabla ya treni kuondoka.

Sheria ya mikataba ilipotungwa upya Tanganyika mwaka 1961, sura ya amana ilichukuliwa karibu kama ilivyokuwa katika sheria ya India, nayo ndiyo inayotumika mpaka leo. Ndani yake mna jambo moja lenye faida kwa mwenye mali, nalo halitumiwi inavyostahili: mali ikipotea mikononi mwa aliyeishika, yeye ndiye anayetakiwa kueleza jinsi alivyoitunza. Mwenye mali halazimiki kuthibitisha uzembe ambao hakuushuhudia. Lakini ili kanuni hiyo ifanye kazi sharti ijulikane kwanza ni nani aliyeishika mali hiyo.

Bega la mpakiaji

Dhima nyingine ya mchukuzi nje ya mwendo ni ya mwili wa mtu. Mpakiaji anaangukiwa na gunia, ubao wa kupandia unateleza, kamba inakatika, pipa linabingirika. Hakuna injini iliyowashwa wala dereva aliyekosea.

Katika enzi ya misafara, mpagazi aliyeumia au kuugua mara nyingi aliachwa kijijini, na mzigo wake ukagawiwa wengine. Fidia haikuwa sehemu ya mkataba. Utawala wa Kiingereza ulileta sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwishoni mwa miaka ya 1940, katika kipindi ambacho wapakiaji wenyewe walikuwa wamekwisha kujitambua kama nguvu. Mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam mwezi Septemba 1947 ulisambaa katika miji ya reli, na John Iliffe ameueleza kama hatua muhimu katika kuundwa kwa tabaka la wafanyakazi Tanganyika. Ni vigumu kuitazama sheria ya fidia bila kuukumbuka mgomo huo.

Sheria hiyo, pamoja na ile iliyoirithi, imejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa. Kwa karani wa reli mwenye namba ya ajira haikuwa na utata. Kwa kibarua aliyeitwa asubuhi na kulipwa jioni, shauri lilianza na swali gumu kuliko jeraha lenyewe: alikuwa akimfanyia kazi nani? Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda mfuko wa taifa, nao ulianza kupokea michango ya waajiri mwezi Julai 2015. Haya ni mabadiliko ya maana, kwa sababu fidia sasa inatoka mfukoni na haitegemei tena kama mwajiri ana uwezo wa kulipa. Lakini mchango hulipwa kwa mshahara ulioandikwa, na ujira wa kuli huhesabiwa kwa gunia.

Bima ya lazima ya magari haizibi pengo hili. Sheria ya Bima ya Magari, iliyotungwa zama za ukoloni na kubaki katika vitabu vya sheria kwa Sura ya 169, inamtaka mwenye gari akate bima dhidi ya kifo au madhara ya mwili kwa mtu wa tatu yanayotokana na matumizi ya gari barabarani. Mfanyakazi wa mwenye gari aliyeumia kazini haikumlenga, kwani yeye aliachiwa sheria ya fidia, na mzigo uliobebwa kwa mkataba haikuulenga pia. Uwanja wa kupakilia unaweza kubishaniwa kama ni barabara au si barabara. Mwenye lori aliyelipa bima hiyo huamini amekingwa, kumbe amekingwa kwa mwendo tu. Bima ya dhima kwa umma, bima ya mzigo na bima ya moto wa ghala ni mikataba mingine, ya hiari, yenye malipo yake.

Historia ya soko la bima imechangia imani hiyo. Kuanzia mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, biashara ya bima ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa pekee, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua soko. Kwa karibu miaka thelathini bima iliyomfikia mwenye lori wa mkoani ilikuwa kwanza ile ya lazima. Neno "bima" likazoeleka kumaanisha stika.

Mwandiga

Barabara ya Mwandiga hadi Manyovu, yapata kilomita 60, iliwekwa lami katika kipindi cha kuzunguka mwaka 2010. Uchukuzi wa malori ambao zamani ulitegemea kiangazi sasa hufanyika mwaka mzima. Mawese, dagaa, ndizi, kahawa ya Kalinzi, saruji na bidhaa za dukani hupita njia panda hiyo, baadhi kuelekea Burundi, baadhi kwenda Kasulu na kwingineko. Reli ililazimisha mzigo kupitia stesheni yenye msimamizi, daftari na kufuli. Lori halilazimishi hivyo. Linaweza kusimama popote, na popote liliposimama pamekuwa ghala lisilo na mtunza ghala.

Hali hiyo inaeleza kwa nini sheria zinazofuata gari hazitoshi. Sheria ya Leseni za Usafirishaji ya mwaka 1973 ilifungamanisha leseni na chombo. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, yenye kikomo cha tani 56 kwa gari zito, hupima gari mizanini. Kosa la kuzidisha uzito hufanyika saa nyingi kabla ya mizani, pale mizigo inapopangwa vibaya juu ya ekseli au gunia kumi zinapoongezwa kwa ombi la dalali. Mizani hugundua kosa ambalo tayari limekwisha kutendeka mahali pasipo na mizani, na mchukuzi hulipa faini kwa uamuzi ambao pengine ulifanywa na utingo wakati dereva yuko kwenye chakula.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya mzigo ambao wenyewe unaweza kuua. Mfano ulio karibu na kumbukumbu za Watanzania ni wa Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliokufa wakazidi mia moja. Ajali ya barabarani ilikuwa sehemu ndogo ya maafa hayo. Vifo vingi vilitokana na dakika zilizofuata, wakati lori limelala na mafuta yakimwagika huku watu wakiyakaribia. Sheria ya Kiingereza iliyopokewa mwaka 1920 inayo kanuni, iliyothibitishwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1868, kwamba aliyekusanya katika ardhi yake kitu cha hatari hujibu kikitoroka na kudhuru. Kanuni hiyo ilizaliwa na bwawa la maji la kiwanda. Kuitumia kwa tangi lililopinduka kando ya barabara ya umma kuna ugumu wake, kwani tangi halina ardhi. Kwa hiyo mdai hurudi kwenye uzembe: je, mchukuzi alikuwa na wajibu wa kuzuia watu wasikaribie, na nani kati ya watumishi wake alifundishwa kufanya hivyo? Njia ya Manyovu ina miteremko na vijiji vilivyoshikana na lami, na magari ya mafuta huipita. Swali hilo si la Morogoro peke yake.

Mtu anaweza kupinga kwamba uchukuzi mdogo wa Kigoma hauwezi kubeba gharama za bima tatu na nne, na kwamba kuziongeza ni kuwatoa barabarani wenye lori mojamoja na kuwaachia njia wenye makampuni. Pingamizi hili lina uzito. Lakini gharama hizo zipo tayari, hata kama hazimo katika hesabu za mwenye lori. Hulipwa na mama wa Mwandiga aliyetuma madumu ya mawese yakafika pungufu, au na familia ya kijana aliyevunjika nyonga chini ya mifuko ya saruji. Tofauti kati yao na mchukuzi ni kwamba yeye angeweza kuigawa hasara katika nauli za safari mia, nao huibeba yote kwa siku moja.

Shauri la kijana huyo, kama lingefikishwa mbele ya mamlaka, lingeanza na fomu inayotaka jina la mwajiri. Mwenye saruji angesema alimlipa dalali kwa kazi nzima. Dalali angesema yeye huunganisha watu tu, na lori si lake. Mwenye lori, akiwa mjini Kigoma au mbali zaidi, angesema gari lilikuwa limezimwa na dereva wake hakugusa mzigo. Kila mmoja angekuwa amesema kweli, na nafasi ya jina katika fomu ingebaki tupu.